Motokaa Ivutayo Tela, na Springi Zake za Nyuma



Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana kila siku katika barabara zetu, ingawa wengi wetu hatulitii maanani. Bila shaka mmepata kuona pikapu ikivuta tela lililojaa mbao, au matofali, au magunia ya mahindi, na mkia wake umelemea chini hata karibu kugusa udongo, na pua yake imeinuka kama ng'ombe anusaye mvua. Mwenye motokaa akiiona hali hiyo huona haya, au huogopa kusimamishwa na askari wa barabarani. Basi humwendea fundi akamwambia, "Niinulie nyuma." Fundi huinua, fedha hulipwa, na pikapu hutoka gerejini imesimama sawasawa, wala mtu hawezi kujua kwamba ina mzigo. Je, kazi imekwisha? Hilo ndilo swali letu la leo, nasi tunalijibu tukiwa watu walioumizwa kwa kutolijua jibu lake.

Kwanza na tuitazame springi yenyewe. Chini ya mgongo wa pikapu nyingi, upande wa kuume na upande wa kushoto, mna majani ya chuma cha pua yaliyopindwa kidogo kama upinde, yakapangwa moja juu ya jingine, refu kuliko yote likiwa na matundu katika ncha zake mbili ili lishikwe na fremu ya gari. Katikati yamefungwa pamoja, tena yamefungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U. Springi za majani si jambo geni duniani. Mwaka 1804 Mwingereza mmoja, Obadiah Elliott, alipewa hati ya serikali kwa ajili ya kutumia springi za namna hiyo katika magari ya farasi, na tangu hapo abiria wakapumzika mifupa yao. Ford ilipoanza kuuza pikapu iliyoundwa kiwandani kwa jina hilo, mwaka 1925 huko Marekani, nyuma yake ilikaa juu ya springi ya majani. Hilux ya Toyota, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968 na ambayo mwaijua sana, nayo imejulikana katika nchi zetu kwa majani hayo hayo. Sababu yake ni nyepesi: springi hizo ni imara, bei yake si kubwa, na fundi wa mji mdogo aweza kuzifungua na kuzifunga kwa spana zake mwenyewe.

Sasa springi ina tabia moja ambayo hatuna budi kuielewa kabla ya kwenda mbele. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Robert Hooke, aliieleza kanuni yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1678. Maana yake ni hii: springi hubonyea kwa kadiri ya mzigo inaotwikwa. Ikiwa kilo 100 zaibonyeza sentimita 2, basi kilo 200 zitaibonyeza sentimita 4, na kilo 300 sentimita 6, mpaka ifike mwisho wa uwezo wake. Ninyi wenyewe mwaitumia kanuni hiyo kila mwendapo sokoni. Ile mizani ya kuning'iniza ambayo muuza samaki huitundika samaki wake, ndani yake mna springi tu, na mshale wake husoma jinsi springi ilivyovutika. Basi springi ya motokaa nayo ni mizani. Mkia wa pikapu unaposhuka, mshale wa mizani umesogea. Gari linasema, "Nimebeba kiasi hiki." Neno hili mliweke moyoni, kwa kuwa yote tutakayosema baadaye yatoka hapa.

Neno la pili ni wenzo. Watoto wetu madarasani hujifunza wenzo kwa ubao wa pembea: mmoja akikaa huku, mwingine huinuka kule. Pikapu ivutayo tela ni ubao wa pembea pia, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo lake. Tufe la chuma ambalo tela huungwa haliko juu ya ekseli. Liko nyuma yake, nje ya magurudumu. Mkono wa tela unapokalia tufe hilo, huushusha mkia, na kwa kuushusha mkia huiinua pua. Twaa mfano huu. Tuseme toka ekseli ya mbele hata ekseli ya nyuma ni mita 3, na toka ekseli ya nyuma hata kwenye tufe ni mita 1 na sentimita 20. Mkono wa tela ukiwa na uzito wa kilo 300, zidisha 300 kwa 1.2, kisha gawanya kwa 3, utapata 120. Ndiyo kusema magurudumu ya mbele yamepunguziwa kilo 120. Kilo hizo hazikupotea, zimehamia nyuma. Kwa hiyo magurudumu ya nyuma hayakuongezewa kilo 300 tu, yameongezewa 420. Mtu aliyeweka kilo 300 ameitwika ekseli kilo 420, wala hana habari.

Na magurudumu ya mbele ndiyo yashikayo njia. Ndiyo yapindayo kona, na gari linapofungwa breki kwa nguvu, ndiyo yafanyayo sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha. Ukiyapunguzia uzito umeyapunguzia mshiko wake. Zaidi ya hayo, pua ikiinuka taa za mbele huinuka nayo, na usiku humulika macho ya wajao badala ya kumulika barabara.

Hapo ndipo mtu hudhani ya kuwa, kama ubaya wote umetoka katika kushuka kwa mkia, basi kuuinua mkia ni kuuondoa ubaya. Sisi nasi tulidhani hivyo.

Mwaka 2017 chuo chetu cha ualimu kilihitaji madawati, na mbao zilikuwa za bei nafuu Mafinga, karibu na msitu mkubwa wa Sao Hill. Tukaenda na pikapu na tela la ekseli moja, sisi pamoja na dereva wetu na wanachuo wawili. Tela lile, pamoja na mbao, lilikuwa na uzito wa kilo 1,500 hivi, wala halikuwa na breki zake lenyewe. Mbao zilikuwa ndefu, nasi kwa kuogopa zisichomoze nyuma, tulizisukuma mbele hata zikagusa ubao wa mbele wa tela. Tulipounga, mkia wa pikapu ukashuka kama mtu aliyepigiwa magoti.

Dereva wetu alikuwa mtu mzima aliyeendesha malori kwa miaka mingi. Aliizunguka gari mara mbili, akainama, akatazama, akasema, "Mwalimu, gari hili latuambia kitu. Tuzirudishe mbao nyuma kidogo, au tupunguze."

Tukamjibu, "Mzee, jua linakwenda, na kazi ya kupakua na kupakia tena itatumaliza. Fundi yupo hapa hapa. Atatuinulia."

Akasema, "Haya, Mwalimu. Wewe ndiwe mkubwa wa safari."

Fundi alikuwa hodari wa kazi yake, tena hatumlaumu, kwa kuwa alifanya lile tulilomwomba. Alilegeza bolti za U, akaingiza kipande cha chuma chenye kimo cha inchi 3 baina ya springi na ekseli kila upande, akafunga bolti nyingine ndefu zaidi. Jua lilipokuwa likitua, pikapu yetu ilisimama sawasawa. Tulifurahi. Tulimpa yule mzee mkono kama tuliomshinda katika hoja.

Kesho yake tulipita Iringa, tukapita Ilula, tukaanza kuuteremka mlima wa Kitonga. Wasafiri wa njia hiyo wanaujua: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori yakiteremka polepole kwa gia nzito. Mzee naye aliteremka kwa gia nzito. Lakini alituambia mara mbili kwamba usukani ni mwepesi mno, na baadaye tukasikia harufu ya breki zinazoungua. Baada ya kona moja tukaona matawi ya miti yamewekwa barabarani, na mbele yake lori lililoharibika. Mzee akakanyaga breki. Magurudumu ya mbele yakajaribu peke yake, yakateleza. Tela likatusukuma kwa nyuma, likaupindisha mkia wa pikapu, gari na tela vikajikunja kama kisu cha kukunja, tukagonga ukuta wa mlima. Mungu alitufadhili tukaangukia upande wa ukuta na si upande wa bonde. Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango alivunjika mkono, mkono wa kuume, ule ashikao chaki. Hakuweza kufanya mtihani wake mwaka ule.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile tusiosikia tulikuwa sisi, na aliyevunjika alikuwa mwingine. Jambo hilo hatukulisahau, na ndilo lililotufanya tutafute kujua kosa lilikuwa wapi.

Fundi wa pili, aliyeikagua gari baadaye, alitulaza chini ya pikapu akatuonyesha kitu ambacho hatukupata kukiona. Mbele kidogo ya ekseli ya nyuma pana valvu ndogo iliyofungwa kwenye fremu, na kutoka kwake hutoka fimbo nyembamba ya chuma iliyoungwa na ekseli. Mafuta ya breki yaendayo kwenye magurudumu ya nyuma hupita katika valvu hiyo. Gari likiwa tupu, mkia huwa juu, na fimbo huiambia valvu, "Hapana mzigo". Basi valvu huzuia nguvu ya breki za nyuma, maana mkia mwepesi ukifungwa breki kali magurudumu hukwama na gari huteleza. Gari likipakiwa, mkia hushuka, fremu hukaribia ekseli, na fimbo huiambia valvu, "Sasa mzigo upo". Basi valvu hufungua, nguvu nyingi zaidi hupita, na breki za nyuma hufanya kazi yake kamili. Ni akili nzuri sana, wala haihitaji umeme wala mtu wa kuiamuru. Yasoma ile ile mizani ya springi tuliyoisema mwanzo.

Sasa fikirini tulilolifanya. Tuliiweka fremu juu kwa inchi 3, ilhali mzigo haukupungua hata kilo moja. Fimbo ikaiambia valvu, "Hapana mzigo." Valvu ikaamini, ikazibana breki za nyuma, pale pale ambapo kilo 420 zilikuwa zimeongezeka. Breki za mbele zikaachiwa kazi yote, nazo zilikuwa zimepungukiwa na kilo 120 za mshiko, na nyuma yake tela la kilo 1,500 lisilo na breki likisukuma. Maandiko hukemea mizani ya hila, nasi tulidhani hayo yawahusu wafanya biashara tu. Kumbe na sisi tulikuwa tumeiharibu mizani, na tuliyemdanganya ni gari lililobeba roho zetu.

Hapa twapenda kutoa tahadhari. Si kila pikapu ina valvu ya fimbo. Nyingi za siku hizi hugawa nguvu ya breki kwa njia ya umeme. Lakini pikapu za zamani ambazo zingali nyingi katika nchi zetu zinayo, na mwenye gari apaswa kuuliza kabla mtu hajaigusa springi.

Basi na tuzitazame njia ambazo mafundi huinulia nyuma, moja moja, ili mjue kila moja yafanya nini na haifanyi nini.

Njia ya kwanza ni hiyo ya vipande vya chuma baina ya springi na ekseli. Hiyo huongeza kimo tu. Springi hubaki na nguvu ile ile iliyokuwa nayo, na kilo 300 zitaibonyeza vile vile kama jana. Tena kadiri kipande kilivyo kirefu, ndivyo ekseli inavyopata nafasi ya kujipinda wakati wa kuondoka na wakati wa kufunga breki, na viungo vya propela hukaa katika pembe isiyo yake, vikatetemeka na kulika. Kupanga kipande juu ya kipande ni hatari kuu. Na kutia kipande cha mti, kama tulivyopata kuona kwa macho yetu, ni kujichimbia shimo, maana mti hupasuka, bolti hulegea, na ekseli yaweza kuhama mahali pake.

Njia ya pili ni kuongeza jani la springi. Hapo springi huwa ngumu kweli, na mzigo ule ule hauibonyezi kama kwanza. Lakini gari likiwa tupu, hurukaruka juu ya mashimo, tairi za nyuma huiacha barabara, na siku ya mvua mkia huteleza upesi. Tena jani lililoongezwa huongeza nguvu ya springi tu. Halikuongeza nguvu ya ekseli, wala beringi, wala tairi, wala breki, wala fremu. Kiwango cha mzigo alichoandika mwenye kiwanda hubaki pale pale, hata mkae na majani kumi.

Njia ya tatu ni mifuko ya mpira ijazwayo upepo, iwekwayo baina ya fremu na ekseli. Uzuri wake ni kwamba huongezwa upepo kukiwa na mzigo, na kupunguzwa gari likiwa tupu. Ubaya wake ni kwamba mzigo hukusanyika mahali padogo pa fremu, na kwa barabara zetu za mashimo fremu yaweza kupasuka hapo. Na kama ilivyo kwa vipande vya chuma, mifuko huisawazisha sura ya gari, lakini hairudishi uzito kwenye magurudumu ya mbele. Rudini kwenye hesabu yetu ya wenzo: mita 3, mita 1.2, kilo 300. Hamna katika hesabu hiyo kimo cha springi. Ukiinua mkia, kilo 120 hazirudi mbele. Pua hushuka machoni, lakini magurudumu yangali yamepungukiwa.

Njia ya nne ni tofauti na hizo tatu. Ni kiungo chenye fito mbili za chuma cha springi, zilizofungwa kwenye kichwa cha kiungo na kuvutwa kwa minyororo kwenye mkono wa tela. Fito hizo hukaza kama mipini ya mkokoteni inyanyuliwayo kwa nyuma, zikarudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele ya gari, na sehemu nyingine kwenye magurudumu ya tela. Kiungo hicho ndicho kiigusacho hesabu yenyewe ya wenzo. Watu wa Marekani hukitumia sana. Hata hivyo hakifai kila tela, wala hakihalalishi mzigo uliopita kiasi, tena yafaa kwanza kukisoma kitabu cha gari, maana wenye viwanda wengine hawakiruhusu.

Mwaona, basi, ya kwamba dawa zote hizo zaanzia kwenye pikapu. Lakini ugonjwa wetu siku ile haukuwa katika pikapu. Ulikuwa katika tela, na dawa yake haikuhitaji spana hata moja.

Sikilizeni hesabu yake. Tela lilikuwa na uzito wa kilo 1,500, na katika hizo mbao zilikuwa kilo 1,200. Toka tufe hata ekseli ya tela ni mita 3. Kama tungalizirudisha mbao nyuma kwa sentimita 30 tu, yaani urefu wa rula ya mtoto wa shule, uzito juu ya tufe ungalipungua kwa 1,200 mara 0.3, gawanya kwa 3, ndiyo kilo 120. Badala ya kilo 300 zingalibaki 180. Ekseli ya nyuma ingaliongezewa 252 badala ya 420, na magurudumu ya mbele yangalipoteza 72 badala ya 120. Sentimita 30! Hilo ndilo alilolitaka yule mzee aliposema, "Tuzirudishe mbao nyuma kidogo." Yeye hakusoma habari za wenzo darasani, na sisi tulizisoma na kuzifundisha.

Walakini msije mkasema kwamba kadiri mzigo unavyorudi nyuma ndivyo uzuri unavyozidi. La. Mzigo ukipita nyuma ya ekseli ya tela, mkono wa tela hutaka kuinuka, na tela huanza kuyumba huku na huku kama mkia wa samaki, likauyumbisha na mkia wa gari, na mwendo ukizidi hakuna dereva awezaye kulituliza. Marekani hupendekezwa kwamba uzito juu ya tufe uwe sehemu 10 mpaka 15 katika kila 100 za uzito wa tela lote. Kwa tela letu la kilo 1,500 ndiyo kilo 150 mpaka 225. Kilo 180 zingalikuwa katikati. Kilo 300 zilikuwa sehemu 20. Na juu ya kanuni hiyo, kiwango kilichoandikwa na mwenye kiwanda cha gari lenu na cha kiungo chenu ndicho kitawalacho. Kikiwa kidogo zaidi, kifuateni hicho.

Mtauliza, "Tutajuaje uzito juu ya tufe, nasi hatuna mizani kubwa?" Njia ipo, na mwaweza kuifanya uani. Twaeni mizani ya kupimia watu, tofali moja na ubao imara. Wekeni ncha moja ya ubao juu ya tofali, na ncha ya pili juu ya mizani, ubao ulale sawasawa. Someni kwanza uzito wa ubao mtupu, muukumbuke. Ziieni magurudumu ya tela kwa mawe lisiende, kisha ushusheni mkono wa tela polepole juu ya ubao, ukae sentimita 30 kutoka penye tofali na sentimita 60 kutoka penye mizani. Kwa kuwa mizani i mbali mara mbili, itabeba theluthi moja tu. Yaliyosomwa, toeni ule uzito wa ubao, kisha zidisheni kwa 3. Mizani ikionyesha 60 baada ya kutoa, uzito ni kilo 180. Ikionyesha 100, mna kilo 300, nanyi msiondoke.

Kisha pimeni pikapu yenyewe. Kabla ya kuunga tela, pimeni kwa futi toka chini hata ukingo wa bati juu ya gurudumu la mbele, na la nyuma vile vile, mkaandike. Ungeni tela, mpime tena. Nyuma kushuka kidogo ni haki yake, maana mizani isiyosogea chini ya mzigo imekufa. Lakini mbele ikiinuka sana, jueni magurudumu ya usukani yameporwa uzito. Tazameni pia kama tela limelala sawa. Tufe likiwa juu mno, tela huinua pua na uzito wake hurudi nyuma. Kwa hiyo mtu ainuaye pikapu yake bila kushusha tufe aweza kuondoa kosa moja na kuzaa jingine.

Basi, je, kuinua springi ni kosa siku zote? Hatusemi hivyo. Springi huzeeka kama sisi. Kama pikapu yako ikiwa tupu kabisa imelala nyuma, au upande mmoja u chini kuliko wa pili, au jani limevunjika, hiyo si mizani isemayo kweli tena, nayo yastahili kubadilishwa. Na kama mzigo umepangwa vema, umepimwa, u ndani ya kiwango cha kiwanda, na bado mkia unashuka kuliko ipasavyo, hapo jani la kuongeza au mifuko ya upepo yaweza kuwa msaada wa haki, mradi fundi airekebishe fimbo ya valvu ya breki kwa kipimo cha kiwanda, azitazame na taa za mbele. Na tela zito lazima liwe na breki zake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya tela likizidi kilo 750 halikubaliwi bila breki. Letu lilikuwa mara mbili ya hapo.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwanza punguza au panga mzigo. Pili pima. Tatu sawazisha kimo cha tufe. Nne kagua springi kama zimechoka. Mwisho kabisa, baada ya hayo yote, ndipo umwendee fundi na neno la kuinua, na umwulize juu ya breki kabla hajashika spana. Sisi tulianza na la mwisho.

Yule kijana alipona mkono, akafanya mtihani mwaka uliofuata, na leo ni mwalimu kama sisi. Mzee wetu wa gari amestaafu. Siku alipoagwa chuoni tulisimama mbele ya walimu na wanachuo wote, tukasimulia habari ya sentimita 30, na ni nani aliyekuwa na haki. Naye aliinama kidogo, akasema tu, "Gari husema, Mwalimu. Kazi yetu ni kusikia."

Nasi twawaombeni hilo hilo. Mkia wa motokaa yenu ukishuka, msiuone kuwa ni aibu ya kufichwa. Ulizeni kwanza unasema nini.

Kwa herini, na safari njema.